Kadhi Mkuu wa Kenya: Kiti Kilichobaki na Neno Lililoondoka

Jua linapozama siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, masikio ya Waislamu wa Kenya huelekea kwa Kadhi Mkuu, wapate kusikia kama mwezi umeandama au haukuandama. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo kazi yake yote wanayoijua: kutangaza saumu na kutangaza Idi. Wakubwa huongeza kwamba yeye ndiye mkubwa wa makadhi wanaosikiliza kesi za ndoa, talaka na mirathi. Zaidi ya hapo, ni wachache wajuao kiti hiki kilitoka wapi, ni nani walikikalia, na kwa sababu gani Waingereza, waliotawala nchi hii kwa karibu miaka sabini na kung'oa mengi waliyoyakuta, walikiacha hiki mahali pake.

Tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji wetu habari hii, kwani si habari ya mahkama na wakubwa peke yao. Ni habari ya ndoa zetu, ya watoto wetu, na ya mali tutakazoziacha nyuma yetu. Na ndani yake mna swali moja ambalo kila kizazi kimepaswa kulijibu: katika mambo ya sharia yetu, neno la mwisho ni la nani?

KADHI KABLA YA WAINGEREZA

Ukadhi wa pwani haukuletwa na serikali ya kikoloni. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimkuta kadhi akiketi kusikiliza mashtaka ya watu. Yaliyohusu sharia yaliamuliwa na kadhi, na yaliyobaki yaliamuliwa na mawaziri na maamiri wa sultani. Kutoka huko akateremka mpaka Mombasa na Kilwa, miji ya Waislamu wa madhehebu ya Imam Shafi. Basi mgawanyo huu wa kazi, baina ya mwenye ilimu na mwenye nguvu, ni wa kale sana katika upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Zilipokuja zama za Mabusaidi wa Unguja, kila mji mkubwa wa mrima ulikuwa na liwali wake na kadhi wake. Watawala walikuwa Ibadhi na raia zao wengi walikuwa Shafi, lakini watu waliachwa wahukumiwe kwa madhehebu yao. Kadhi alisikiliza ndoa na talaka, deni na mashamba, mirathi na wasia. Aliyeona kuwa amedhulumiwa aliweza kupanda jahazi akaenda kulia mbele ya Sayyid mwenyewe. Neno la mwisho, kwa hivyo, lilikuwa la mtawala. Lakini mtawala huyo alikuwa Muislamu, na wanavyuoni walikaa katika baraza lake.

AHADI YA MWAKA 1895

Mwaka 1895 Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiendesha nchi hii ilishindwa na kazi, na Serikali ya Uingereza ikaingia mahali pake. Ndani ya nchi, Waingereza walitawala kwa nguvu zao wenyewe. Lakini ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja, na wakati ule Sultani alikuwa Sayyid Hamad bin Thuwaini. Ukanda huo haukuuzwa wala haukutekwa. Uliwekwa chini ya uangalizi wa Waingereza kwa mapatano, nao wakalipa kodi kila mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa.

Siku ya tarehe 1 Julai 1895, wakubwa wa mji walikusanywa Mombasa wasikie habari ya mabadiliko hayo. Walikuwapo Sir Arthur Hardinge, mjumbe wa Uingereza, na Sir Lloyd Mathews, waziri wa Sultani. Watu waliambiwa kwa jina la Sultani kwamba mambo yote ya dini ya Kiislamu yataendeshwa kwa heshima na maslaha ya dini, na kwamba desturi za zamani zitaachwa ziendelee. Ahadi hiyo ndiyo msingi wa kiti cha Kadhi Mkuu. Ilitolewa hadharani, mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuuliza, na watu hawakuisahau. Kila mara serikali ilipotaka kugusa makadhi katika miaka iliyofuata, kulikuwa na mzee wa kuikumbusha yale yaliyosemwa siku ile.

KUPANGWA NA KUPUNGUZWA

Ama Hardinge hakutaka kuzifuta mahkama za makadhi. Alitaka kuzipanga. Kwa kanuni za mwaka 1897 mahkama za maliwali, mamudiri na makadhi ziliingizwa katika utaratibu wa serikali, na juu ya makadhi kukawa na mwanachuoni mmoja mwenye cheo cha Sheikhul-Islam, wa kuulizwa masuala mazito ya sharia. Miongoni mwa wa mwanzo kukishika cheo hicho alikuwa Sayyid Abdulrahman bin Ahmad Saggaf, kadhi wa Siu, ambaye watu wa visiwani walimwita Mwenye Abudi. Baadaye jina la Sheikhul-Islam liliachwa, na mwenye kiti akaitwa Kadhi Mkuu.

Kwa macho ya haraka hii ilikuwa heshima kubwa. Lakini katika kupanga huko mlikuwamo kupunguza. Mambo ya jinai yalitolewa mikononi mwa makadhi, na mahali pake ikawekwa Kanuni ya Adhabu iliyoletwa kutoka India. Biashara na mikataba zikaenda kwa mahakimu wa Kiingereza. Mwaka baada ya mwaka, uwanja wa kadhi ukakaribia mlango wa nyumba, hata yakabaki yale tunayoyajua leo: ndoa, talaka, malezi, nafaka ya mke na watoto, na mirathi. Kadhi mwenyewe akawa mtumishi wa serikali, akiteuliwa nayo na kulipwa mshahara nayo.

Mwaka 1920 nchi ya bara iligeuzwa rasmi kuwa Koloni la Kenya, na pwani ikaitwa Himaya ya Kenya. Kiti cha Kadhi Mkuu kilikuwa cha Himaya. Muislamu wa Nairobi au Kisumu aliweza kuoa na kurithi kwa sharia, lakini shauri lake lingeweza kuamuliwa na hakimu asiyejua Alhamdu.

Jambo jingine lilikuwa zito kuliko hayo yote, nalo ni rufaa. Aliyeshindwa kwa kadhi alikwenda Mahkama Kuu ya Kenya. Akishindwa huko alikwenda Mahkama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Na akitaka zaidi, alikwenda hata London, kwenye Baraza la Mfalme lililokuwa mahkama ya mwisho ya makoloni. Kadhi Mkuu aliweza kuitwa kuwashauri majaji katika mambo ya sharia, lakini hukumu ilikuwa yao. Nao walitumia vitabu gani? Kitabu kikubwa cha mahkama za pwani kilikuwa Minhaj cha Imam Nawawi. Kadhi alikisoma kwa Kiarabu, pamoja na sherehe zake, kama alivyokisoma mbele ya masheikh wake. Majaji walikisoma kwa Kiingereza, katika tafsiri iliyotolewa mwaka 1914, nayo haikufasiriwa kutoka Kiarabu bali kutoka tafsiri ya Kifaransa. Maneno ya Imam yalikuwa yamevuka bahari mbili kabla ya kumfikia jaji. Juu ya hayo majaji walifuata hukumu zilizopitishwa India, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Hanafi.

WALIOKIKALIA KITI

Pamoja na upungufu huo, kiti hiki kilikaliwa na watu wakubwa. Tutamtaja mmoja kwa urefu kidogo, kwani maisha yake yanaonyesha cheo kinavyoweza kukuzwa na mwenye cheo.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, mwanachuoni naye, alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu kabla yake. Kisha akavuka kwenda Unguja kusoma mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni wawili ambao hapana mtu wa pwani asiyewajua. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa al-Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili, lugha ya watu wa nyumbani, wakati ambapo wengi walidhani ilimu haiandikiki ila kwa Kiarabu. Aliwahimiza Waislamu wasome, wawasomeshe watoto wa kike, wasiuze ardhi zao ovyo, waache israfu katika arusi na matanga, na wasiige kila kitu cha Kizungu kwa kuwa ni cha Kizungu. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944.

Mwaka 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, akakaa katika kiti hicho hata alipofariki mwaka 1947. Angaliate hapa: alipewa kiti na serikali ya kikoloni, lakini heshima yake haikutoka kwao. Ilitoka katika darasa zake, kalamu yake na usafi wa mkono wake. Kadhi ambaye watu humwendea kwa sababu serikali imemweka si sawa na kadhi ambaye serikali imemweka kwa sababu watu humwendea.

Waliomfuata hawakuiacha njia hiyo ya ilimu na kalamu. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, mwandishi wa vitabu vingi vya Kiswahili, alikuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 mpaka 1968. Baada yake akaja Sheikh Abdulla Saleh Farsy kutoka Unguja, yule aliyefasiri Kurani nzima kwa Kiswahili, tafsiri iliyokamilika mwaka 1969 akiwa katika kiti hicho hicho. Ndiye pia aliyetuandikia habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na lau si kalamu yake majina mengi ya wazee wetu yangelikwisha potea.

SHAURI LA WAKFU

Sasa tuje kwenye jambo lililoonyesha waziwazi neno la mwisho lilikuwa la nani.

Tangu zamani Muislamu wa Mombasa au Lamu mwenye nyumba au shamba aliweza kuliweka wakfu kwa kizazi chake. Mali hiyo haiuzwi, haitolewi rehani, wala haigawanywi katika mirathi. Mapato yake hula watoto, kisha wajukuu, kizazi baada ya kizazi. Na kizazi kikikatika, hurejea kwa maskini au msikiti. Kwa wanavyuoni wetu kumtendea wema jamaa ni sadaka, tena ni sadaka yenye thawabu. Wakfu wa namna hii ndio uliozilinda nyumba nyingi za mji wa kale zisitoke mikononi mwa wenyewe.

Lakini mwaka 1894 Baraza la Mfalme lilikuwa limeamua shauri la wakfu lililotoka Bengal, huko India. Majaji walisema kwamba ikiwa mali inaliwa na jamaa, na maskini wanangoja mpaka kizazi kimalizike, basi sadaka hiyo ni ya jina tu, na wakfu huo ni batili. Hawakuipima kwa mizani ya Kiislamu. Waliipima kwa mizani ya Kiingereza, ambayo kwayo sadaka ni kitu cha umma, na mtu hana ruhusa ya kuifunga mali ya jamaa zake milele. Waislamu wa India walipiga kelele kwa miaka mingi, na mwaka 1913, kwa juhudi za Muhammad Ali Jinnah, ikatungwa sheria ya kuuhalalisha tena wakfu wa jamaa. Sheria hiyo ilikuwa ya India peke yake.

Kwa hivyo hapa kwetu mahkama ziliendelea kuifuata hukumu ya 1894. Hatimaye shauri la wakfu wa jamaa kutoka Kenya lilifika London, na uamuzi wake umo katika mkusanyo wa hukumu wa mwaka 1952. Baraza lilishikilia lile lile: hukumu iliyopitishwa juu ya Waislamu wa Bengal inawafunga na Waislamu wa Kenya, ijapokuwa vitabu vya wanavyuoni vinasema vingine. Fikirini maana yake kwa nyumba moja. Babu ameandika wakfu mbele ya kadhi na mashahidi, akafa na moyo umetulia. Miaka mingi baadaye wajukuu wanagombana, mmoja anakwenda mahkamani, na karatasi ya babu inaambiwa si kitu. Nyumba inageuka mirathi, mirathi inagawanywa vipande, na vipande vinauzwa.

Dawa haikupatikana kwa kadhi. Ilipatikana kwa kutungwa sheria ya serikali, yaani Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, iliyoukubali wakfu wa jamaa kuwa sahihi. Tushukuru kwamba ilitungwa, lakini tusisahau somo lake. Kiti cha Kadhi Mkuu kilikuwa palepale, na aliyekikalia alikuwa mwenye ilimu, na juu ya hayo yote maana ya sadaka katika Uislamu iliamuliwa na watu wasiokuwa Waislamu, maelfu ya maili kutoka hapa.

BENDERA INAPOTEREMSHWA

Uhuru ulipokaribia, watu wa pwani waliuliza: bendera ya Sultani ikishuka, ile ahadi ya 1895 itakwenda wapi? Wapo waliotaka mwambao ujitenge, na mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kulichunguza suala hilo. Shauri lake lilikuwa kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na mambo ya Waislamu yawekewe dhamana. Tarehe 5 Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na waziri mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, walikubaliana kwa maandishi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wenziwe yatahifadhiwa daima katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Dhamana hiyo ikaingia katika katiba. Upande wa pili wa mpaka, Tanganyika, mahkama hizo zilifutwa mwaka ule ule wa 1963.

Mwaka 1967 ilitungwa Sheria ya Mahkama za Makadhi. Mahkama za maliwali na mamudiri zikaondoka, za makadhi zikabaki, tena zikavuka ukanda wa maili kumi na kuenea bara. Huo ulikuwa upanuzi ambao Waingereza hawakuufanya. Sheria hiyo iliruhusu ushahidi kwa kanuni za Kiislamu, ila kwa sharti kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ya kubaguliwa kwa dini au kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Rufaa zikaendelea kwenda Mahkama Kuu, na Kadhi Mkuu, au makadhi wawili, huketi pamoja na jaji kumshauri.

Amani haikuwa kamili. Sheria ya Urithi iliyotungwa mwaka 1972 ilianza kutumika mwaka 1981, nayo ilitaka Wakenya wote warithiane kwa kanuni moja. Waislamu hawakukubali, na baada ya miaka tisa, mwaka 1990, ilirekebishwa wakatolewa katika hukumu zake za mgao. Mwezi wa Mei mwaka 2010 majaji watatu wa Mahkama Kuu walitoa uamuzi kwamba kuwekwa mahkama za makadhi ndani ya katiba ya zamani hakukuwa halali. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule wananchi walipiga kura, na karibu watu 67 katika kila 100 waliikubali katiba mpya, ambayo imemtaja Kadhi Mkuu na makadhi wasiopungua watatu.

UFUNGUO U MIKONONI MWA NANI?

Katika katiba hiyo ya 2010 limo neno dogo linalofaa kusomwa mara mbili. Mahkama ya kadhi husikiliza shauri ikiwa wote wanaohusika ni Waislamu, tena ikiwa wamekubali kuhukumiwa nayo. Asiyekubali ana mlango mwingine wa kwenda.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Zamani ufunguo wa kiti hiki ulikuwa kwa Sayyid. Kisha ulikuwa London. Leo, kwa kiasi kikubwa, umo majumbani mwetu. Kiti kitakuwa na nguvu kadiri ya imani waliyonayo watu kwamba wakiketi mbele yake watapata haki. Na tukiuliza ni nani hasa huketi mbele yake, wachunguzi waliohudhuria mahkama za makadhi za pwani katika miaka ya 1980 walikuta kwamba wadai wengi ni wanawake, na kwamba aghalabu hupata haki yao: mke aliyetupwa bila ya nafaka, mama anayedai matunzo ya watoto. Mwenye kudhani kuwa mahkama hii ni ya wanaume na akaulizie. Na kadhi atakayeipuuza haki ya mwanamke mmoja atakuwa amekidhoofisha kiti ambacho Waingereza hawakukivunja.

Basi tunawausia wenye nyumba mambo matatu. Ndoa zenu na talaka zenu ziandikisheni, wala msiridhike na mashahidi watakaokufa. Wasia na wakfu ziandikeni mngali na afya, mbele ya kadhi, kwa maneno yasiyo na utata, mkikumbuka yaliyowapata wale wa kabla yenu. Na mirathi igawanyeni mapema, kabla ya mali kuwa chuki.

Nanyi vijana, kiti hiki kinawangoja. Kadhi wa zama zetu ahitaji kukijua Minhaj kwa Kiarabu chake, na ahitaji kuijua katiba na sheria za nchi, asije akasimama mbele ya majaji akafasiriwa na mtu mwingine dini yake mwenyewe. Sheikh al-Amin aliweza kusoma zama zake bila ya kuiacha ilimu ya wazee wake. Atakayefanya hivyo leo atakuwa amerithi kwake kitu kikubwa kuliko cheo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kujua zaidi, na kwake hukumu zote hurejea.